Baba, Nimeitazama Pikapu Yako kwa Chini

Baba,

Shikamoo. Ulimi umezoea, na wewe ni baba yangu hata leo. Lakini ungekuwa umeketi hapa barazani, shikamoo hiyo ningekupa huku nimegeuza uso. Nimechukizwa nawe. Nimetafuta neno jingine lenye adabu zaidi na sikulipata.

Nianze na mema, maana ni machache. Mama hajambo, bado yumo edani, anakula kidogo na kulala kidogo. Mjukuu wako amejifunza kusema "babu" baada ya wewe kuondoka, na sasa kila mwanamume mwenye kofia apitaye hapa Munje ni babu. Paa la jikoni tumeliezeka upya. Yaliyobaki yote ni habari ya pikapu.

Ulipokufa, kazi yako niliishika mimi. Ni wewe uliyenifundisha kuendesha kwenye mchanga, na niliona haya watu wa kule bara wakose usafiri kwa kuwa dereva wao amezikwa. Basi siku za soko nikawa napakia nazi na samaki wakavu, naenda Kinango, narudi na mahindi na mbuzi. Na kama ulivyokuwa ukifanya, akitokea mgonjwa njiani nilimpandisha nikamfikisha hospitali ya Msambweni bila kumdai. Nilijiona nimerithi jambo la heshima.

Tatizo lilikuwa lile lile ulilokuwa ukilisema. Springi za nyuma zimechoka, gari limekaa chini kama kuku anayeatamia, na pale njia inapokata mto mkavu baada ya Kinango, tumbo lake linasugua mawe. Ulikuwa ukisikia ule mkwaruzo unafumba jicho moja na kuniambia, "Tukijaaliwa tutaipandisha kidogo." Kila mwaka ulikuwa wa kuipandisha, na kila mwaka ukapita. Nikasema, hili nitamfanyia Baba. Wengine huwajengea wazazi wao kaburi la saruji. Mimi nitainyanyua pikapu yake ipite mtoni bila kuumia.

Nilikwenda Ukunda kutafuta vyuma vya kunyanyulia. Chuki yangu ilianzia huko, ingawa ile ilikuwa chuki ndogo, ya kucheka nayo. Duka la kwanza kijana aliniuliza dereva yuko wapi. Nikamwambia dereva ndiye mimi. Akatazama nyuma yangu, kama kwamba mwanamume angechomoza kutoka kwenye buibui langu. Alitaka kunifungia vipande vya chuma chini ya springi zile zile kuukuu, gari lipande juu upesi. "Madam, hii ni fiti mbaya, watu wa Diani wote wanaweka hivi," akaisifu. Nikamuuliza gari likibeba mbuzi likaingia kona, vipande hivyo vitashikwa na nini. Akanijibu kwa kunionyesha picha kwenye simu: pikapu nyekundu ufukweni, magurudumu yake makubwa kama ya trekta, wasichana wamekaa juu ya paa. Mbuzi hakuonekana popote.

Duka la pili walikuwa na vishikio virefu vya kuning'inizia springi. Vinapandisha nyuma peke yake, mbele panabaki chini, gari linakaa kama mtu aliyesujudu. Muuzaji wa pale alikuwa akitafuna miraa na kutema karibu na viatu vyangu. La tatu ndilo lililokuwa na nilichotaka: springi mpya kamili, mbele na nyuma, na shokapu ndefu zinazolingana nazo. Walitaka kuniuzia za kupandisha inchi sita. Nilikumbuka ulivyokuwa ukisema, "Gari si ngamia." Nikachukua za inchi mbili. Zinatosha kupita yale mawe, na gari halitayumba likiwa na mzigo, wala mpira wa breki hautavutika ukakatika. Nilitoka pale nimejaa fahari. Nilikuwa nikizungumza nawe kichwani njia nzima hadi Waa, kwa fundi wako Kassim.

Kassim aliponiona na vyuma vile hakufurahi. Alisema gari halihitaji kupandishwa. Alisema ana kazi nyingi, nirudi wiki ijayo. Alisema boliti za gari kuukuu zikifunguliwa huleta matatizo. Nilidhani ni uvivu, Baba. Niliketi juu ya gurudumu pale gereji nikamwambia sitaondoka. Akaliweka gari kwenye jeki polepole, akaingia chini, akaanza kugonga kile kishikio cha nyuma kinachobeba springi. Aligonga kwa upole mno, kama anayebisha hodi nyumba ya wenyewe.

Kishikio kikatoka. Kilitoka na kipande cha chesisi, kikubwa kama kiganja changu, na nyuma ya kipande hicho pakatoka maji meusi.

Niliinama kutazama. Ule uti wa mgongo wa gari, chuma kinachobeba kila kitu, ulikuwa mtupu ndani kama mwanzi. Na utupu wenyewe ulikuwa umejazwa. Nilitia mkono. Nilivuta gunia, Baba. Gunia la mkaa, limelowa, limeoza, limeshikana na mchanga na chumvi, na mende wakatoka nalo wakanipandia mkononi hadi kwenye kiwiko. Harufu yake ilikuwa ya samaki aliyesahauliwa kwenye jua. Juu ya gunia palipakwa puti, juu ya puti mabati mepesi, juu ya mabati lami. Kwa nje kilikuwa chuma. Nilikimbilia nyuma ya gereji nikausugua mkono kwa mchanga hadi kwenye kiwiko.

Niliporudi Kassim alikuwa ametoka chini ya gari, ameketi, ametazama ardhi. Nikamuuliza ni nani aliyefanya haya.

"Ni mimi, mwanangu," akasema. "Marehemu alinisimamia. Alisema ni ya muda tu."

Ndipo akanieleza yote. Kumbe pikapu uliinunua kwenye hoteli moja ya Diani, ambako kazi yake ilikuwa kuingia baharini kila siku kuvuta boti za wageni. Ilikuwa imekunywa maji ya chumvi miaka mingi. Sisi ulituambia imetoka kwa mzungu mmoja aliyekuwa akienda nayo kanisani tu. Kassim alikwambia tangu siku ya kwanza kwamba chesisi imekwisha. Ukamwambia azibe, msimu ukiwa mzuri tutabadilisha. Misimu mizuri ilikuja, Baba. Mwaka ule wa mahindi mengi ulinunua viti vya sebuleni. Kila palipofunguka ulirudi kwa Kassim kuziba tena.

Niliondoka Waa bila gari, na njiani kila jambo nililowahi kujua juu yako likaanza kugeuka. Watu walikuita Mzee Polepole. Vijana walikupita kwa pikipiki wakipiga honi na wewe ukawapungia mkono. Mimi nilikuwa nikikusifu kwa wenzangu kwamba hujawahi kukimbiza gari, kwamba unawaonea huruma abiria. Siku niliposhikwa na uchungu wa kuzaa, nikiwa nimekwenda na wewe kule ng'ambo ya Kinango, ulinirudisha kwa mwendo wa mtu aliyebeba mayai. Nilikuwa nalia kwa maumivu na huku nasema moyoni, tazama Baba anavyonihurumia. Kumbe ulikuwa unasikiliza chuma. Ulikuwa unasubiri kusikia kimekatika.

Au vyote viwili vilikuwemo? Nimejiuliza sana. Hakuna wa kunijibu.

Nilipofika nyumbani nilimweleza Mama. Nilitaraji atalia au atanikatalia. Akawa anakunja na kukunjua ncha ya kanga yake. Halafu akasema, "Ndiyo maana hakuwahi kukubali nikae nyuma."

Nikamuuliza ana maana gani.

"Hata siku ya harusi ya mpwa wangu, gari limejaa wazee wa watu, alimteremsha bibi mzima akampeleka nyuma ili mimi nikae mbele. Nilimgombeza. Alisema mke wake hakai na mbuzi."

Baba, hapo ndipo nilipoingiwa na kinyaa cha kweli. Ukweli wa kwanza ningeweza kuuvumilia. Ningesema hukuwa na uwezo, ningesema hukujua ukubwa wake. Lakini ulijua mahali penyewe palipooza kwamba ni nyuma, chini ya mizigo. Ukatuweka sisi mbele. Siku yangu ya uchungu nilikaa mbele, na wale wanawake wawili walionisindikiza uliwapandisha nyuma, wakashikilia ukingo wa bodi wakiniimbia nyimbo za kunitia moyo. Uligawa watu. Nimekaa nalo hilo hadi leo.

Ami Rashidi alikuja jioni ile. Mdogo wako unamjua, hana jambo linalomshinda kulitengeneza kwa maneno. Alisikiliza akitikisa kichwa, kisha akasema nimwachie yeye. Nilidhani ataipeleka kwa muuza vyuma chakavu. Nilikuwa nimechoka, nikamwachia.

Siku chache baadaye alinipigia simu kwamba pikapu imepata mnunuzi, niende Waa nishuhudie kwa niaba ya Mama na yangu, maana ni mali ya mirathi. Nilipofika gereji sikuitambua. Ilikuwa imeoshwa ikang'aa. Springi zangu mpya zilikuwa zimefungwa, za rangi ya manjano, na shokapu nazo za manjano, na chini kote kumepigwa rangi nyeusi mpya inayometameta. Ilisimama juu, imejitoa kifua. Kwa dakika moja, Baba, niliipenda. Ilikuwa hasa kama nilivyokuwa nimeiota. Halafu nikaona pale karibu na springi michirizi mipya ya kuchomelea chini ya rangi, na harufu ile ya samaki nikaisikia tena, ingawa sidhani ilikuwepo.

Nilimvuta Ami pembeni. Alinieleza bila haya. Alisema mnunuzi wa gari kuukuu huangalia kitu kimoja tu kipya, na sasa kipo. Akiona springi za manjano hatatazama kingine. Nikamwambia chesisi itakatika na watu wakiwa juu yake. Akasema haikukatika mikononi mwako miaka yote hiyo, kwa nini ikatike sasa. Alipoona silegei akashusha sauti.

"Tumeamrishwa kuwasitiri maiti wetu," akasema. "Wewe unataka kumvua nguo baba yako mbele za watu?"

Neno hilo lilinishika. Nakiri lilinishika. Kama mnunuzi angekuja wakati ule ule na kutoa mkono, sijui ningefanya nini.

Mnunuzi alikuwa Mwero, Mduruma wa ng'ambo ya mto, yule mfuga mbuzi mrefu mwenye pengo. Alitaka gari la kubebea mapipa ya maji kwa ajili ya mifugo na nyumba yake, maana kwao visima vimekauka tena. Alikuja na mkewe. Ami alianza kumwonyesha springi, akazipiga makofi kama mtu anayeuza ng'ombe. Mwero alitazama kidogo akatabasamu.

"Mimi sina haja ya kuingia chini," akasema. "Gari la Mzee Polepole? Huyu alimbeba mama yangu juu ya godoro mpaka hospitali. Kama lilikuwa lake, limetosha."

Mkewe alikuwa ameshapanda nyuma, anajaribu ukingo wa bodi kwa mkono, anacheka jinsi palivyo juu.

Sikufikiri zaidi. Nilichukua bisibisi ndefu ya Kassim na nyundo, nikalala chini na buibui langu, nikaikita palipong'aa zaidi. Pigo la kwanza halikufanya kitu. La pili bisibisi ikazama hadi kwenye mpini. Niliichokoa, nikapasua lile bati jipya, nikatia vidole nikavuta. Hawakuwa wamelitoa lile gunia lote. Walikuwa wamelichomelea humo humo. Nilitambaa nikatoka nalo nikaliweka mbele ya miguu ya Mwero, na nikamwambia gari hili lilikuwa hivi tangu siku ile ya mama yako, na baba yangu alijua.

Mkewe aliteremka bila kusaidiwa. Mwero alilitazama gunia, akanitazama mimi nilivyochafuka, akamtazama Ami. Alikwenda kwenye pipa la maji la Kassim akanawa mikono, ingawa hakuwa amegusa kitu. Kisha akaondoka na mkewe kwa miguu kuelekea barabarani.

Ami Rashidi hajanisemesha tangu siku hiyo. Akija kumjulia hali Mama hupitia mlango wa uani. Amewaambia jamaa kwamba nimekuaibisha kaburini, na wako wanaomwafiki. Shangazi mmoja alinitumia ujumbe kwamba binti mwema angelitia gari moto kimya kimya. Labda. Lakini gari lilikuwa limeshapata mtu wa kufa nalo, na mtu huyo alikuwa anacheka.

Pikapu tuliikata. Niliwataka waikate mchana, mbele ya mlango wa gereji, kila anayepita aone. Kassim ndiye aliyeshika gesi ya kukatia, na hakutaka malipo, na mimi sikumshukuru. Injini ilikuwa nzima na Mwero alirudi kuichukua kwa ajili ya pampu ya maji. Aliikagua mwenyewe, kila boliti, siku nzima, na nilifurahi kumwona akikagua. Springi za manjano duka lilikataa kuzirudisha kwa kuwa zimeshafungwa. Nimempa Kassim azifunge kwenye pikapu ya mtu wa Waa ambayo naikodi sasa siku za soko. Chesisi yake niliigonga kutoka mwanzo hadi mwisho kabla ya kukubali. Mwenyewe aliniona mwendawazimu.

Sasa nikwambie jambo lililonifanya nikuandikie.

Siku ya mazishi yako, kabla hatujakuswalia, imamu aliwauliza watu kama kuna mwenye haki yake kwako, na akawaomba wakusamehe. Wote waliitikia kwamba wamekusamehe. Mwero alikuwa amesimama nje ya ua na wenzake kutoka ng'ambo, nao wakaitikia. Nilisikia sauti zile nikiwa ndani na wanawake, nikasema Baba ameondoka mwepesi. Lakini walisamehe wasichokijua. Sasa hainiingii akilini kwamba msamaha wa namna hiyo unakufaa kitu.

Basi nimeanza kuwaendea. Siku za soko, nikishashusha mizigo Kinango, nashika njia ya ng'ambo naingia nyumba moja moja ya wale uliowabeba. Nawasalimu, nakaa, nawaeleza gari lilikuwaje na kwamba ulijua, kisha nawaomba radhi kwa ajili yako. Wengi wananipokea vizuri kuliko ninavyostahili. Mzee mmoja alicheka sana, akasema miaka ile kama asingebebwa na wewe asingebebwa na mtu, na chesisi nzima ingemfaa nini akiwa amefia nyumbani. Alikusamehe huku akinichinjia kuku. Maneno yake nimeyachukua, na sitayatupa. Kwa wale wanawake wawili walioniimbia, mmoja aliniuliza kama mtoto hajambo. Nikasema hajambo. Wakasema basi.

Lakini Bi Umazi, mama yake Mwero, alikataa. Nilimkuta akipeta mahindi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka ungo chini.

"Kila siku nimemwombea baba yako kwa ajili ya safari ile," akasema. "Nilikuwa nimelala chali nyuma pale, natazama mawingu, nasema huyu ni mtu. Sasa nenda. Bado sijamsamehe."

Sikumbembeleza. Nilimwambia ana haki. Alinipa maji ya kunywa, na kule maji ni adimu, na nilipomaliza akachukua kikombe akaingia ndani.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo, Baba. Ijumaa nitakuja makaburini na mjukuu wako, nitakusomea Yasini kama kawaida, maana hilo ni haki yako na sitakunyima. Nyumba zilizobaki ng'ambo nitazimaliza zote, na kwa Bi Umazi nitarudi, nitarudi tena, hata kama kila mara nitapewa maji tu. Mtoto akikua nitamweleza kwamba babu yake aliwafikisha watu hospitali wakati hakuna mwingine aliyekuwa akiwafikisha, na nitamweleza walichokuwa wamekalia. Sitampa nusu.

Usinihesabu mimi miongoni mwa waliokusamehe. Nawauliza wengine wote, nafsi yangu sijaiuliza bado. Mungu akurehemu, na akupe huko ulipo mahali pa kukaa palipo imara.

Ni mimi mwanao,
Mwanaidi